Mizinga Arobaini ya Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Habari kubwa! Madamu anarudi kwao Ubelgiji mwaka mzima, na ubalozi utampa viza mtumishi mmoja wa ndani amsaidie na mapacha wake. Mmoja tu. Mimi mpishi wake wa miaka minne, au Ponsian wa bustani. Ponsian anatabasamu mno, simpendi. Nisipochaguliwa, nyumba inafungwa na mimi narudi Inyonga kulima tumbaku ya shemeji yangu Lyamba. Mungu aniepushe! Mke wangu Marsela kasema nijaze fomu kwa ukweli, basi. Marsela hajui dunia.

Jumanne, 5 Agosti

Fomu ina swali baya: kitu gani kitakurudisha nyumbani? Nimechungulia ya Ponsian alipokwenda kumwagilia. Kaandika ekari tatu za mpunga kwao Usevya. Ekari tatu! Mimi nina chumba cha kupanga hapa mjini, mtaa wa Makanyagio, mke, binti mmoja na redio inayokohoa. Nani atarudi kutoka Ulaya kwa ajili ya redio? Nimeandika: mizinga arobaini ya nyuki, Inyonga. Mizinga ipo kweli. Ni ya Lyamba, lakini Lyamba ni kaka wa mke wangu, na shemeji ni ndugu. Nimeirudisha fomu kabla sijabadili nia.

Jumatano, 6 Agosti

Madamu kafurahi kupita kiasi. Kasema kumbe mimi ni tajiri na sijamwambia! Kesho kutwa ni Nane Nane, hakuna kazi, atakuja na Landrova anipige picha na mizinga yangu, ibandikwe kwenye fomu. Yesu na Maria! Kila mzinga una alama ya mwenyewe. Ya Lyamba ni msalaba na mistari miwili, hata mtoto wa Inyonga anaijua. Nimeaga kwamba shangazi yangu wa Inyonga mgonjwa, tutakutana hukohuko. Nimepanda lori la tumbaku, nimekalia spea tairi. Sina shangazi Inyonga.

Alhamisi, 7 Agosti

Bahati! Lyamba alikuwa kwenye mkutano wa chama cha tumbaku. Nimekwea miti mitatu yenye mizinga yake kando ya barabara, nimekwangua msalaba kwa kisu, nikachonga F ya jina langu, Felisiani. Mzinga wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Wa tatu ulikuwa na wenyewe ndani. Jicho la kulia halifunguki. Mdomo umevimba, nikila ugali unarudi nje. Lakini F inaonekana vizuri kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Nataka ardhi ipasuke. Madamu kaja na Ponsian wa kumbebea kamera, na Marsela pia, eti wamempa lifti akamsalimie shangazi mgonjwa. Marsela kaniuliza shangazi yupi. Nikajifanya nakohoa. Nikasimama chini ya mti na jicho moja. Picha ya kwanza ikapigwa. Ya pili, Lyamba akatokea na warina asali wenzake wanne.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaitazama F, kanitazama jicho, kacheka kidogo puani. Akasema kwao anayebadili alama ya mzinga ameiba mzinga, asali na nyuki wake, awe shemeji awe padri. Kisha akaniomba, kwa heshima, nimwambie mgeni mizinga ni ya nani. Nikasema ni yako, shemeji. Madamu akashusha kamera. Marsela hakunitazama tena, na hilo limeniuma kuliko nyuki.

Jumatatu, 11 Agosti

Madamu kaniita ofisini. Kafungua faili, kanionyesha barua yake kwa ubalozi. Imeandikwa tangu mwezi wa saba. Jina ni langu! Na lile swali baya alishalijibu mwenyewe: atarudi kwa sababu anampenda mkewe Marsela na binti yao Tereza. Fomu zilikuwa utaratibu tu. Chini kabisa ameandika kwamba mimi ni mtu mwaminifu. Akasema mstari huo sasa hawezi kuutia sahihi. Nimelia jikoni, na sikuwa nakata kitunguu. Ponsian kaniletea kitambaa. Anatabasamu bado. Sasa naona huenda ndivyo alivyozaliwa.

Alhamisi, 21 Agosti

Inyonga. Ponsian yuko kwenye treni kwenda kuhojiwa ubalozini. Mimi niko juu ya mti. Warina asali wameamua nichonge upya alama ya Lyamba kwenye mizinga yote arobaini, ingawa niliharibu mitatu tu. Leo nimefika wa kumi na tisa. Jicho la kushoto nalo limeanza.

Ila dereva wa lori kanong'ona jambo. Kuna bwana mmoja wa tumbaku anahamia Zambia, anataka mpishi wa kwenda naye. Fomu ipo! Marsela, ambaye ameanza kunisemesha tangu jana, kasema safari hii niandike yeye na Tereza, nisiongeze hata kuku.

Nimemsikia. Lakini kuna Msukuma mmoja ng'ambo ya mto, ana ng'ombe sitini. Nao wana alama. Tena ng'ombe hawahitaji kupandiwa mti.