Ukombozi wa Runinga ya Sebuleni

Jumanne, 4 Machi

Taarifa rasmi kwa vizazi vijavyo: leo, baada ya chai ya jioni, runinga ya sebuleni imenigomea. Imetaka nikubali masharti mapya. Nikakataa. Ikakatiza taarifa ya habari na kuniwekea tangazo la dawa ya mende. Runinga yangu! Niliyoipandisha ngazi kwa mgongo wangu mwenyewe!

Nina hasira hadi miwani imeingia ukungu.

Shemeji alikuwapo, bila shaka. Kaka wa mke wangu. Tunamwita Bwana Mpya, kwa sababu simu yake, saa yake na runinga yake vyote ni vipya, vyote vya kampuni moja, na vinasalimiana vyenyewe. Akasema kubali tu, shem, uishi kwa raha, nani anasoma masharti. Mimi nasoma! Nilifika ukurasa wa pili!

Basi nimeamua. Nyumba hii inahamia programu huria. Zile ambazo msimbo wake, yale maandishi yanayoziendesha, uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma na kuurekebisha, hakuna bwana mkubwa. Bwana Mpya akauliza kama mimi naweza kuusoma huo msimbo. Nikamwambia kuna maswali ya kukosa adabu.

Mke wangu hakuingilia. Alisema jambo moja: Jumapili mama anakuja, anataka kumwona baba kwenye kioo kikubwa.

Ni ile video ya baba mkwe akitengeneza redio, mwaka wake wa mwisho. Niliirekodi mimi, kwa simu ya mke wangu, na iko kwenye simu hiyo tu. Ni nzito, kila tukiituma inakataa. Mama mkwe hajaisikia sauti ya mumewe tangu tumzike. Nikamwambia mke wangu asiwe na shaka. Mama ataiona, na bila mende.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima pande zote mbili kwa haki, kama hakimu. Programu za kampuni: zinapendeza, ukiwasha zinafanya kazi, na zikiharibika kuna namba ya kupiga ukasikilizishwa muziki. Lakini zinakuchungulia, zinakuuzia dawa, na simu yako ikizeeka kidogo kampuni inaitelekeza kama haijui. Programu huria: ni zako. Hakuna matangazo. Zikiharibika, hilo nalo ni lako. Niliuliza swali kwenye baraza lao la mtandaoni. Mmoja akaniambia nikasome maelekezo. Wa pili akamtukana wa kwanza. Wakaendelea bila mimi.

Huria imeshinda.

Nikachukua kompyuta yetu kuukuu, nikaipangusa vumbi, nikaiwekea programu huria ya kucheza video na kuiunganisha na runinga. Ikawaka! Hakuna masharti! Nikamwita mke wangu aone. Akaona. Akauliza mbona kila kitu kimesimama kichwa chini. Nikamwambia hilo ni jambo dogo.

Halafu nikachukua simu yake na kuzima ile huduma ya kampuni inayonakili picha zetu na kuzipeleka kwenye maghala yao, nikafuta na nakala zote zilizokuwa huko. Wezi wakubwa! Picha za familia yangu wanazitakia nini? (Simu zetu ni pacha: zilinunuliwa siku moja, gamba jeusi moja, picha ileile ya watoto kwenye kioo. Hazina hata nywila. Hatufichani.)

Alhamisi, 6 Machi

Simu ya mke wangu inasuasua. Kampuni imeacha kuiletea masasisho. Waliiuza wakitabasamu, sasa hawaijui! Nikasema nitaikomboa nayo, iwe zawadi. Leo aliiacha kwenye chaja, akaenda kazini.

Nikafuata maelekezo ya kuiwekea programu huria. Katikati likatokea onyo la herufi nyekundu. Maonyo ya kampuni nayajua, yote ni ya kututisha turudi zizini. Nikabonyeza kwa nguvu, kama ninayempiga mtu.

Simu ikazima. Ikawaka. Nyepesi, huru, safi!

Safi kabisa. Hamna namba. Hamna picha. Hamna baba mkwe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia mke wangu kampuni imeifuta simu kwa kulipiza kisasi.

Hakupiga kelele. Angepiga, ningejua pa kujificha. Aliketi ukingoni mwa kitanda akipitisha kidole kwenye kioo kitupu. Akasema huwa anaisikiliza ile video akienda kazini. Si yote, kile kipande baba anapocheka tu.

Sikulijua hilo. Hasira zangu zikakosa pa kwenda, nikaipiga teke kompyuta. Kidole gumba kimevimba. Kompyuta haina hata alama.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Bwana Mpya. Nimeandika. Basi.

Alinifungulia mlango kwa simu, akiwa amekaa. Akasikiliza. Akaomba nirudie sehemu ya onyo jekundu, eti hakusikia vizuri. Nikarudia. Akauliza kuhusu ile huduma ya kunakili picha. Nikasema niliizima na kuzifuta nakala kwa mkono wangu. Akatikisa kichwa, akaingia kwenye akaunti ya dada yake hata hivyo. Nywila ni ileile ya ukoo wao tangu zamani.

Ipo! Baba mkwe yupo, na redio yake!

Kumbe Jumatano nilizima na kufuta kwenye simu yangu mwenyewe. Sijawahi kuushukuru ujinga wangu namna hii.

Ghala likataka tukubali kwanza masharti mapya. Nikakubali. Sikusoma hata mstari. Bwana Mpya alicheka mpaka akashuka kwenye kochi.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kwenye kiti kikubwa. Bwana Mpya akajitutumua kuirusha video kutoka kwenye simu yake, wapi! Simu ikaikataa runinga yangu, si ya ukoo wake. Nikatia video kwenye fleshi, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Ikacheza mara moja! Kichwa chini, lakini ikacheza! Tukaipindua runinga yenyewe na kuiegemeza kwa mito.

Baba mkwe, bisibisi mkononi. Mkono wangu ukaingia kwenye picha. Akasema usiguse hapo, mwanangu. Nimesema usiguse! Cheche. Giza. Kisha kile kicheko.

Mama mkwe akajifunika uso kwa mtandio. Bwana Mpya akaanza kueleza kwamba kampuni yake ndiyo iliyookoa jahazi. Nikasema bila kompyuta yangu angetazama kiganja chake. Tukapandishiana sauti. Mama mkwe akasema nyamazeni, wanangu, baba yenu anaongea.

Akaomba irudiwe. Tuliirudia mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 10 Machi

Ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: hakuna kampuni iliyofuta chochote. Onyo lilisema, kwa Kiswahili fasaha, kwamba kila kitu kitafutika. Likauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Likauliza tena. Nikasema ndiyo, na tusi juu. Aliyemwokoa baba mkwe ni yule niliyemwita mwizi, akisaidiwa na kosa langu. Mke wangu ameshajua yote. Ameniapisha nisiguse tena simu ya mtu yeyote wa ukoo wao.

Nimeapa.

Ila jana wakati wa kuagana mama mkwe alinivuta pembeni. Akasema simu yake nayo inasuasua, na kumbe fundi anaye nyumbani. Ninayo hapa mezani. Kampuni imeitelekeza, washenzi wale! Mke wangu yuko kazini. Onyo jekundu limeshatokea, vitisho vilevile. Nimechungulia humo ndani, hamna kitu cha maana. Picha za zamani za mama na baba mkwe tu.