Mwani wa Tenki na Mama Mkwe Dirishani

Jamani, leo nimeaibika mpaka nimetamani ardhi ipasuke. Naandika haraka, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Mnalijua lile tenki langu la samaki pale sebuleni Mwisenge, hapa Musoma. Kioo kirefu, ndani mawe ya ziwani nimeyapanga kama mwamba, na furu wa rangi wanapitapita. Kwa mchumba wangu Nyangeta nililisifia sana, naye akawasimulia kwao Butiama. (Mdomo uliponza kichwa.)

Sasa tenki limeingiwa na mwani, yale majani ya kijani yenye utelezi. Umeshika kioo, umeshika mawe, umeshika kila kitu. Nimelifunika kwa kitenge lisipate jua. Wapi! Nimepunguza chakula. Samaki wamekonda, mwani umenenepa. Nimeleta konokono waule. Mwani ukaota juu ya konokono! Nyangeta alipokuja mara ya mwisho aliniuliza, "Humu unafugaga samaki au unapikaga mlenda?"

Leo shangazi yake alikuwa anakuja kukagua nyumba. Shangazi ndiye mwenye neno. Akikataa, ng'ombe wa baba kule Suguti wanabaki zizini, na mimi nabaki na konokono wangu. Tena mama mkwe naye akasema anataka kuwaona hao samaki kwa macho yake.

Hapo pagumu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawakai pamoja, hata kutazamana ni kwa kuibia. Tukapanga vizuri: mimi nitoke nyumbani, shangazi aingie sebuleni, mama mkwe azunguke nyuma achungulie dirishani kisha aende zake. Heshima imelindwa, kila mtu ameridhika.

Asubuhi nikasema leo ni leo. Samaki nikawahamishia kwenye ndoo. Nikavua nguo nikabaki na bukta (imetoboka, msiulize wapi). Nikaingiza mpira wa maji kwenye tenki, mwisho wake nikautoa dirishani chini ya pazia, nikavuta kwa mdomo kama tunavyovuta petroli gereji. Nikameza bonge zima la kijani! Lakini maji yakaanza kutoka, nami nikashika mswaki, nikazama kusugua mawe.

Kazi ikanikolea. Simu ikaita.

"Umeshatoka?" Nyangeta huyo.

"Nipo mlangoni." (Kichwa kipo ndani ya tenki.)

"Toka haraka, wamepata lifti!"

Nikatazama tenki. Maji yamefika nusu, yamegoma. Mwani umeziba mpira. Nikasema siwezi kuliacha hivi, shangazi ataona bwawa la kunyweshea mifugo. Nikachomoa mpira majini, nikautia mdomoni, nikapuliza. Kimya. Nikajaza kifua, nikapuliza kwa hasira zote nilizonazo na huu mwani.

Pwaa!

Huko nje nikasikia, "Yesu wangu!"

Nikafunua pazia. Mama mkwe! Kasimama usoni pangu kabisa, viganja kaviweka pembeni ya macho kama mtu anayechungulia, na mwani umemkaa kuanzia kwenye kilemba mpaka puani. Unadondoka. Tukatazamana. Sisi ambao hatutakiwi kutazamana!

"Shikamoo mama," nikasema. (Mngesema nini ninyi?)

Akageukia upande.

Ningebaki ndani yangeishia hapo. Lakini akili iliniruka. Nikanyakua taulo, nikatoka mbio kwenda kumfuta. Nilisahau kwamba nusu ya tenki ilikuwa imeshamwagika pale nyuma, kwenye sakafu ya saruji. Mguu wa kwanza ukaenda Bunda, wa pili ukabaki Musoma. Nikatapatapa nitafute pa kujishikia, nikashika kiuno cha mama mkwe. Tukaenda chini wote wawili.

Shangazi akatokea konani.

"Weee! Umemkumbatia mkweo? Na bukta?"

"Shangazi, nimeteleza!"

"Tangu nizaliwe sijawahi kuonaga! Wifi, inuka twende. Huyu si wa kuoa, huyu ni wa kufukuza!"

Nilijifunga taulo nikiwa nimekaa palepale kwenye maji. Sitawaficha, machozi yalinilenga. Nilimwona Nyangeta wangu anapotea hivihivi, kwa sababu ya majani ya kwenye maji.

Mama mkwe akainuka. Akanipa mgongo, akajifunika khanga kichwani. Kisha akamwambia shangazi, na mimi nipo hatua mbili tu:

"Muulize huyo, alikuwa anafanya nini mle ndani?"

Shangazi akanigeukia. "Unaulizwa ulikuwa unafanya nini."

"Nilikuwa naosha nyumba ya samaki."

"Anasema anaosha nyumba ya samaki."

"Muulize, siku zote anaoshaga nani?"

"Mwenyewe," nikajibu, kabla shangazi hajapokeza.

Mama akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza mama wa watu. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka kashika ukuta, na mwani bado upo sikioni.

"Mwambie mbuzi wa kuniomba radhi awe mnono," akasema. "Na mwambie hivi, anayeweza kuoshea samaki hatashindwa kuosha sufuria za mwanangu. Sufuria zote. Akikubali, wazee wake waje tuongee."

Nimekubali. Nimekubali nikiwa nimekaa chini, nimeloa, mbele ya mashahidi. Nyangeta ameshapiga simu mara tatu, na kila mara anashindwa kuongea kwa kicheko.

Kwa hiyo ndoa ipo. Mkija harusini, mkaona mama mkwe ameketi mbali na mimi kuliko hata mila inavyodai, msiulize. Na nawaomba sana, mbele ya wazee, msicheke.