Cherehani Iliyosafiri kama Vitunguu

Jumatatu, 23 Agosti 2004

Mimi Munguti niko na bahati ya mizigo. Wengine wana bahati ya wanawake, wengine ya ng'ombe. Mimi, kitu changu kikishapanda basi, kinafika. Miaka ishirini nimetuma na kutumiwa: kuku, milango, magodoro, meno ya bandia ya mjomba. Hakuna kilichopata hata mkwaruzo. Makarani wananiuliza siri yangu. Nawaambia ni damu.

Leo binamu yangu Makau amepiga simu kutoka Kimana. Habari njema! Makau ni fundi wa pampu za maji kwa wakulima wa nyanya, lakini mashine ni mashine. Wiki mbili zilizopita nilimpelekea kichwa cha cherehani ya mke wangu Syokau. Ilikuwa inaruka mshono, na fundi wa hapa Noonkopir alitaka pesa kama daktari wa macho. Makau anasema imepona. Inashona kama imekimbizwa na nyuki.

Syokau alifurahi hadi akaniwekea nyama ya pili bila kuombwa. Ana oda ya sare ishirini na nne za shule moja ya kibinafsi. Zinatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo, kabla shule hazijafunguliwa. Mwalimu mkuu amemwambia akileta kwa wakati, shule nzima itakuwa yake. Akichelewa, hata kitambaa cha kufuta ubao hatapewa kushona. Nguo zote amekwisha kukata. Zimepangwa juu ya kitanda chetu. Tunalala pembeni kama wageni.

Sasa, usafiri. Kampuni ya mizigo inatoza mashine nauli ya mtu mzima. Vitunguu vinalipiwa kidogo tu, kwa sababu Kimana kila mtu anatuma vitunguu. Nikamwambia Makau atie kichwa ndani ya gunia, apange vitunguu vichache juu vichungulie watu, kisha aandikishe vitunguu. Makau akauliza kama niko na akili timamu. Nikamwambia zimezidi, ndizo zinanisumbua.

Jumanne, 24 Agosti

Basi limefika saa nane. Nilikuwa ofisini mapema, nimevaa koti. Karani wao ni Naserian, mama mkali mwenye kalamu sikioni. Gunia langu lilikuwa juu ya keria, paani mwa basi. Mpakuzi akauliza kutoka juu hiki kizito ni nini. Naserian akasoma kitabu: vitunguu vya Munguti. Yule akasema aah, vitunguu tu. Akaliinua juu ya kichwa.

Nilitaka kupiga nduru! Lakini Naserian yuko hapa, kitabu kiko wazi, na kalamu imeshuka kutoka sikioni. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyestarehe, kwamba hivyo ni vitunguu vya mbegu, vina mimba, vishushwe polepole. Mpakuzi akacheka. Akasema basi vitazalia chini. Akaachilia.

Kishindo! Kisha chuma kikalia ngaaa! Naserian akanitazama. Nikamwambia mwaka huu Kimana vitunguu vimekomaa sana.

Nilifungua gunia nyuma ya choo cha ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Shingo ya cherehani imepasuka. Gurudumu limetoka. Vile vitunguu vinne vya juu, hata kimoja hakikuumia.

Syokau nimemwambia basi limeharibika Emali. Akasema Mungu asaidie dereva. Akawasha jiko, akaanza kuimba. Alipokuwa anaimba nilikosa mahali pa kuweka macho.

Jumatano, 25 Agosti

Nimeamua: fidia! Wao wametupa, wao watalipa.

Kwa bahati mbaya nilikutana na Nashon kwenye lango. Nashon ni jirani yetu wa mlango wa tatu. Anafanya kazi Nairobi, ana mshahara na tai kumi na moja. Anazifua zote Jumamosi na kuzianika kwenye kamba moja, ili tuhesabu. Nilimuuliza, kama habari ya mtu mwingine kabisa, mtu akivunjiwa mzigo afanye nini. Akasema aeleze ukweli na aonyeshe risiti. Ushauri gani huo! Mtu amesoma hadi fomu six na bado hana mbinu.

Ofisini Naserian alinipa fomu. Mahali pa mali iliyoharibika niliandika vitunguu, ili ifanane na risiti. Mahali pa uharibifu niliandika: shingo imevunjika, gurudumu limetoka. Naserian alisoma mara mbili. Akauliza kitunguu chenye gurudumu kinapikwa na nini.

Watu watatu kwenye laini walicheka. Mmoja alikuwa na kuku mkononi. Hata yule kuku alinitazama vibaya.

Nikasema nimekosea fomu. Nikatoka kwa heshima. Mlango unavutwa, mimi niliusukuma.

Syokau ameuliza kama basi bado liko Emali. Nikasema wanangoja spea.

Alhamisi, 26 Agosti

Nililala na swali, nikaamka na jibu. Wakati mwingine najiogopa.

Ni hivi. Risiti inasema vitunguu. Gunia lina cherehani. Basi wao ndio wamenipa gunia la mtu mwingine! Mimi ni mteja aliyekosewa. Nilibeba kile kichwa mpaka ofisini, nikakiweka mezani kwa Naserian na kuguna kama mtu anayedai haki. Nikamwambia nilikuwa nangoja vitunguu, mkanipa chuma cha watu. Mimi ni mtu mwaminifu, nimerudisha, sasa nataka changu.

Mambo yalibadilika papo hapo. Naserian akasema pole sana, mzee. Akanipa kiti. Akampigia simu bosi wao Kajiado, mtu anaitwa Simel. Nilisikia Simel akisema nilipwe mara moja, maana wateja waaminifu wamebaki wachache. Nilitikisa kichwa kwa unyenyekevu.

Nikatia sahihi kwamba cherehani si yangu. Nikatia nyingine kwamba nimepokea fidia yangu yote. Naserian akaenda nyuma. Akarudi na fidia.

Gunia la vitunguu!

Nikauliza habari ya pesa. Akauliza pesa za nini, si ulipoteza vitunguu? Akaibeba cherehani ya mke wangu, akaifungia stoo. Nikauliza anaipeleka wapi. Akasema mzee, hiyo si yako. Umesema mwenyewe, na umeandika.

Niliingia na cherehani mbovu, nimetoka bila cherehani. Lakini vitunguu ni vizuri, lazima niseme. Vyekundu, vikavu.

Singeweza kufika navyo nyumbani nikaeleza. Niligawa. Mama Zipporah wa genge nilimpa kumi. Mlinzi ana watoto saba, alipata ndoo nzima. Mke wa Nashon, Jacinta, ambaye tunamwita Mama Valerie, alikuwa na wageni kutoka kwao Siaya, nikamjazia beseni. Aliniombea dua mpaka nikaona aibu. Nashon mwenyewe nilimpa kitunguu kimoja kikubwa kuliko ngumi, ili ajue nani ni nani.

Ijumaa, 27 Agosti

Siku mbaya. Naandikia nje, nimekalia debe.

Nashon alirudi kutoka kazini akapita kwetu na tai yake, anataka kusaidia. Mtu huyu anapenda kusaidia! Akamwambia Syokau kwamba ofisi ya mizigo imebandika tangazo dirishani. Kimeokotwa kichwa cha cherehani, cheusi, shingo imepasuka, kimefungwa utepe wa kijani kwenye mkono. Mwenyewe aje na ushahidi. Akasema amekumbuka kwamba yeye, Mama Nzula, naye anashona, pengine anamjua mwenyewe.

Ule utepe aliufunga binti yetu Nzula.

Syokau alikuwa anakata kitunguu, zawadi kutoka kwa Mama Valerie. Aliweka kisu chini. Hakupiga kelele. Kisha akaniuliza taratibu: Baba Nzula, basi liko wapi?

Nikasema liko Emali.

Akauliza tena.

Nikamweleza yote. Ile ya vitunguu vyenye mimba nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliingia ndani, akaanza kukunja zile nguo kutoka kitandani, moja moja, taratibu, kama mtu anayehama.

Jumamosi, 28 Agosti

Tumeenda Kajiado kwa Simel, Syokau mbele, mimi nyuma na ile cherehani begani. Naserian aliitoa stoo baada ya Syokau kumwonyesha kipande cha utepe uleule alichokuwa nacho kwenye kikapu. Kisha Naserian aliitazama tu ile sahihi yangu, akarudisha kalamu sikioni.

Simel ni mzee mwenye kofia na fimbo nyeusi. Nilimwamkia kwa Kimaasai, sopa, akaitikia epa, na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoishia. Syokau alichukua usukani. Alisema ukweli wote. Alisema mume wangu aliandikisha cherehani kama vitunguu, akaidai kama kitunguu, kisha akaikana mbele ya karani. Alisema ana sare ishirini na nne, na Ijumaa iko pale mlangoni.

Simel alianza kucheka kwenye kitunguu chenye gurudumu. Alivua kofia. Alitoka nje, akarudi, akacheka tena. Akaita karani wa pili aje asikie.

Halafu akawa bosi. Alisema mzigo haufai kutupwa, hata ukiwa vitunguu kweli, na huyo mpakuzi atamshughulikia. Lakini faili inasema Munguti amelipwa vitunguu, imefungwa. Turudishe kwanza gunia la vitunguu, ndipo aifungue upya kwa jina la mama, na kampuni ilipie fundi wa hapa Kajiado aichomelee shingo kwa shaba. Akauliza vitunguu viko wapi.

Viko ndani ya matumbo ya ploti nzima! Nimekuwa mtu wa kwanza katika Kenya kudaiwa na kampuni iliyomvunjia mali.

Tukiwa njiani kurudi, cherehani tumeiacha kwa Simel, Syokau alisema hii ndiyo mara ya kwanza mtu amemwamini na kazi ya shule nzima, na kwamba alikuwa amemwambia mama yake. Nilijisikia mdogo kuliko tundu la sindano.

Jumatatu, 30 Agosti

Ajabu! Asubuhi Mama Valerie amegonga. Alisema amesikia (nani hajasikia?) na yeye ana cherehani ya mkono anayoshonea vitambaa vya viti. Akasema mtu aliyelisha wageni wake hawezi kuachwa aaibike. Syokau akaeleza kwamba vile vitunguu vilikuwa na historia. Mama Valerie akasema tumboni havikuwa na historia yoyote.

Sasa wanashonea kwenye veranda yao, Syokau anazungusha, Mama Valerie anashikilia kitambaa. Mimi ni mtu wa vifungo. Nimeshona kumi na nne. Kimoja nilikishonea kwenye suruali yangu mwenyewe, nikainuka na sare ya mtoto. Nashon aliporudi kutoka kazini alichukua pasi akaanza kunyoosha bila kuambiwa, na tai shingoni. Ananyoosha vizuri. Sijamwambia.

Mchana nilimpigia Makau anitumie gunia la vitunguu, liende moja kwa moja kwa Simel, Kajiado. Faili ya Syokau iko mikononi mwangu, na safari hii sitaki mchezo. Makau akauliza aandikishe nini. Nilitaka kusema vitunguu. Kweli nilitaka. Lakini karani wa Kimana amepandisha nauli ya vitunguu kidogo, na majani ya ng'ombe yanapita karibu bure.

Nikamwambia aandikishe majani, atandaze machache juu ya vitunguu. Majani hayavunjiki. Hata wakiyatupa!

Ijumaa, 3 Septemba

Ishirini na nne! Zote! Mwalimu mkuu alizikagua, akavuta mishono, akajaribu vifungo. Changu kimoja kilimbakia mkononi. Syokau akakirudisha pale pale na sindano iliyokuwa kwenye kola yake. Shule nzima ni yake. Alitoka langoni anatembea kama gavana wa zamani, na Mama Valerie kando yake. Wamekubaliana kushona pamoja. Mimi sikuulizwa.

Saa tisa Simel akapiga simu.

Gunia la majani lilifika kwake salama. Alifikiri ni zawadi. Akalituma nyumbani, mke wake akalimwaga horini bila kutazama, na ng'ombe wake wa maziwa akala hadi robo ya gunia. Simel anasema chai yake ya asubuhi ilinuka kitunguu. Maziwa ya kanisa yalinuka kitunguu. Mchungaji aliuliza nani anapika.

Niliuliza hali ya ng'ombe, kwa moyo safi. Anaendelea vizuri, ila hakuna anayetaka kumsogelea kutoka mbele, penye pumzi.

Simel amesema faili ya Syokau ameifungua, maana mama hana makosa, na cherehani itachomelewa Jumatatu. Lakini mimi bado nadaiwa gunia moja la vitunguu, na sasa pia maziwa ya siku mbili. Gunia nilipeleke mwenyewe, nimelipakata magotini, na nisiandike kitu chochote mahali popote.

Nimekaa nikafikiria sana. Nimeona kosa lilikuwa wapi. Ni majani. Ng'ombe anakula majani, kila mtu anajua. Ningeandika mkaa. Mkaa hauliwi na mnyama yeyote, na unalipiwa nusu. Kesho asubuhi nampigia Makau.

Na ile habari ya bahati ya mizigo ni uongo. Sina, na sijawahi kuwa nayo.