Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Jamani, leo nimeadhirika. Kilichoniadhiri ni kiatu. Kimoja tu, tena cha kushoto.

Naandika nikiwa uani, nimekalia kinu kilichopinduliwa, kwa sababu ndani bado wanacheka. Hamisi, muuza mashuka wa sokoni Kasulu, alikuwepo na simu yake. Heri mnisikie mimi kabla hamjaiona video.

Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu. Mchana mimi ni fundi cherehani mjini Kasulu. Jioni nikirudi kwangu Heru Juu, nageuka mlinzi wa mali za Chui wa Heru, timu yetu iliyokufa zamani nikiwa bado mtoto. Nina chumba kizima cha vitu vyao. Nina filimbi isiyolia. Nina nyasi za goli la upande wa kanisani ndani ya chupa ya jemu (zimekuwa vumbi, lakini ni vumbi la pale pale). Nina ganda la limau lililonyonywa wakati wa mapumziko. Nani alilinyonya, bado nachunguza. Niliwahi kwenda msibani, nikampa pole mjane, na kabla sijaketi nikamuuliza kama marehemu aliacha soksi. Niliuliza kwa heshima!

Na mfalme wa chumba hicho alikuwa kiatu cha Baruti.

Baruti ni Mzee Ruhaga, mshambuliaji wetu. Fainali dhidi ya timu ya Kibondo, mvua inamwagika, alifunga bao la ushindi kwa mguu wa kushoto. Nilikuwa na miaka minane. Watu walipovamia uwanja alininyanyua, sijui kwa nini mimi, akaniweka mabegani, akazunguka nami uwanja mzima. Tangu siku ile sijawahi kuwa juu kiasi kile. Nyumbani mama alinichapa, kwa sababu kaptura yangu ya shule ilirudi na madoa ya zambarau yaliyogoma kutoka. Hata zile fimbo nazikumbuka kwa raha.

Basi mwaka jana alifariki mzee aliyekuwa mtunza vifaa wa Chui, na familia yake wakanipa gunia lake. Ndani mlikuwa na vitu viwili: kiatu cha ngozi cha kushoto, na fulana kuukuu isiyo na nembo wala namba. Nikatumia utaalamu. Baruti alipiga kushoto. Kiatu ni cha kushoto. Ushahidi gani tena? Fulana niliikagua kifundi: imeshonwa kwa mkono, rangi mabaka mabaka. Nikamrushia mke wangu, Mama Eliza.

"Deki nayo. Hiyo si ya mpira."

Hakudeki nayo. Aliikunja, akaizungusha, akaifanya ngata ya kubebea ndoo kichwani. Tangu hapo ni malalamiko.

"Baba Eliza, ngata yako hii maji yakimwagika inanipaka zambarau mpaka kwenye kitambaa."

Mimi namwambia asinisumbue, nang'arisha kiatu. (Kila Jumamosi. Kwa mafuta ya nazi. Kuna siku nilikibusu. Tuendelee.)

Sasa msimu huu maharage yamekubali. Sebule imejaa, wageni wanakaa juu ya magunia, na bati la sebuleni linavuja. Mvua moja kubwa tu, jasho lote la Mama Eliza linaota mizizi pale pale. Chumba changu hakivuji. Alikiomba kwa upole, akakiomba kwa ukali, akaacha kuniwekea sukari kwenye chai. Nikagoma.

Juzi nikasikia Mzee Ruhaga, ambaye siku hizi anaishi Kumsenga, kule Kibondo, yuko Kasulu kwa harusi ya mjukuu wake. Nikafunga safari kumwomba afike kwangu. Akakubali! Nikarudi nyumbani kifua mbele.

"Mzee mwenyewe anakuja kukitambua kiatu chake," nikamwambia mke wangu. "Akikitambua, chumba ni changu mpaka naingia kaburini."

"Na asipokitambua?"

"Maharage yaingie siku hiyo hiyo."

Hamisi alikuwa hapo, amekuja kuulizia maharage. Mama Eliza akamgeukia. "Hamisi, umesikia?"

Hamisi akasema amesikia, na hiyo siku atakuwepo.

Leo saa nne asubuhi bodaboda ikamleta. Kichwani mwangu Baruti alikuwa mkubwa kama mlango. Akashuka kizee mwembamba mwenye koti la harusi na fimbo, akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nami nikampa shikamoo mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Machozi yalinilengalenga, na hilo silionei aibu.

Tukaingia chumbani. Majirani wamejaa mlangoni, Hamisi ameinua simu. Kiatu nilikuwa nimekifunika kwa kitambaa cha satini kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja (dada, samahani, nilikuambia kimeisha). Nikakohoa kidogo, nikatoa hotuba. Nilisema mguu huu ndio uliotupa furaha. Nilisema vizazi vitakuja kukiona kiatu hiki. Nikafunua.

Mzee akakichukua. Akakigeuza. Akanitazama mimi, akakitazama tena.

"Mwanangu, hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye gunia la mtunza vifaa, mzee. Ni chako."

"Changu?" Akatafuta pa kukaa, huku akicheka. "Sisi tulicheza pekupeku! Timu nzima! Mimi kiatu cha kwanza kuvaa ni siku ya ndoa yangu, na kilinibana mpaka nikakivulia kanisani."

Nikasikia Hamisi anaguna. Ningenyamaza hapo ningekuwa na nafuu. Sikunyamaza.

"Sasa mzee, ni cha nani?"

"Cha refa! Yule aliyetunyima penalti. Tulishinda, lakini watu bado walikuwa na maneno naye. Akakimbilia kwenye mihogo, kiatu kikabaki kwenye tope. Mtunza vifaa wetu akakiokota, akaapa hatamrudishia mpaka aje aombe radhi."

Jamani. Refa yule! Baba yangu mpaka anakufa hakumtaja bila kutema mate kwanza. Na mimi, mwanawe wa kumzaa, nimekipaka kiatu chake mafuta ya nazi mwaka mzima. Nimekibusu.

"Lakini si unasema ulikuwepo?" Mzee akaniuliza. "Hukuona miguu yetu?"

Nilikuwepo. Ila mwanzo nilikuwa nyuma ya viuno vya watu wazima, na mwisho nilikuwa mabegani kwake, na kutoka mabegani huoni miguu. Miaka yote hii nimekuwa nikiwavisha viatu mwenyewe, kwa kuwapenda tu.

Mama Eliza hakunicheka hata kidogo, na hiyo iliniuma zaidi. Alitoka, akachukua ngata yake iliyokuwa bado mbichi kwa maji ya asubuhi, akajitwika debe la kwanza la maharage, akaingia nalo chumbani. Tone la zambarau lilikuwa linamteremka kwenye paji la uso.

Mzee akaacha kucheka. Akasimama bila fimbo.

"Mama, hebu shusha hilo debe."

Akashusha. Mzee akaipokea ngata, akaketi, akaikunjua polepole juu ya magoti. Kidole chake kikatembea kwenye bega la fulana mpaka kwenye mshono.

"Hapa mama yangu alishona kwa uzi wa gunia. Uzi mwingine hatukuwa nao." Akanitazama. "Zilikuwa singlendi nyeupe. Mama zetu walizichovya kwenye rangi ya mikeka. Siku ya fainali mvua ikaichuja, tukalala zambarau, tukaamka zambarau. Wiki nzima mke wangu, wakati huo bado mchumba, hakutaka kukaa karibu nami."

Nikaikumbuka kaptura yangu. Doa lile lile! Mimi, fundi wa nguo, mtaalamu, nimelala nyumba moja na jezi ya Baruti mwaka mzima, na mke wangu ananiambia kila wiki kwamba inachuja zambarau.

Mzee aliinua ile fulana akajifunika nayo usoni. Hata Hamisi aliishusha simu.

"Tulivaa kumi na moja," akasema. "Nimebaki mimi."

Hapo nikaropoka. "Mzee, nitaitengenezea kabati la kioo! Leo leo!"

"Kwani uliipata ukampa nani?"

"Mke wangu."

"Basi ni yake."

Mama Eliza akapiga magoti, akamwambia aichukue, kwamba angejua angeiheshimu. Mzee akatikisa kichwa.

"Nikienda nayo Kumsenga nitaikalia nikilia. Hapa inafanya kazi. Jezi hii haijawahi kukaa benchi, mwanangu, msiifungie kabatini."

Akaizungusha mwenyewe, akamwekea kichwani kwa mikono miwili. Mama Eliza akajitwika debe lake, akaendelea. Mzee alimsindikiza kwa macho mpaka akashusha, akapiga makofi taratibu, kama yuko uwanjani.

Sasa hivi maharage yote yako ndani, yamekauka, hayana wasiwasi na mvua. Ganda la limau limetupwa. Kiatu cha refa kinazuia mlango usijifunge. Jezi ya Baruti imeenda bombani kichwani kwa Mama Eliza, na mimi nimeruhusiwa kuitazama akienda na akirudi. Akipita, nasimama.

Chekeni, ruhusa mnayo. Ila jezi zilikuwa kumi na moja. Naomba kila mtu aende akaikague ngata ya mama yake.