Bwana Msasa na Dawa Kiasi cha Njegere

Njooni, enyi wapiga brashi na wachanganya rangi, enyi mliowahi kujitazama kwenye kioo asubuhi mkatamani kurudi kitandani! Ketini, nyamazeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Maana itasimuliwa hapa habari ya vita vikuu vilivyopiganwa juu ya uso mmoja tu, tena uso usio mpana sana, vikaanzia kidevuni na kuishia kwenye paji.

Shujaa wa vita hivyo alikuwa fundi rangi, mtiisha kuta, mfariji wa dari zilizovuja, naye aliitwa Bwana Msasa, kwa kuwa hakuna ukuta uliopata kuonja rangi yake kabla haujasuguliwa ukakoma. Sheria yake ilikuwa moja: sugua, paka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, kisha paka mkono wa pili. Kwa sheria hiyo alikuwa ameteka zahanati, madarasa na vibaraza visivyo na idadi. Lakini usoni mwake palikuwa na uasi. Chunusi zilikuwa zimepiga kambi kidevuni, na pua na mashavu viliwaka wekundu kila jua lilipomchoma na kila alipokunywa chai ya moto. Daktari wa ngozi alimweleza kwamba, licha ya chunusi, alikuwa na rozasia, hali inayofanya ngozi ya uso iwe nyekundu na kuwasha kwa urahisi, akamwandikia dawa ya kupaka.

Wekundu huo ungevumilika, laiti usingalimkera mama mkwe mtarajiwa. Mama huyo, mwenye jicho la kupima unga bila mizani, alimtazama mara moja tu sebuleni kwake, kisha akamgeukia binti yake.

"Huyu analewa," akasema.

"Mama! Hanywi hata soda," akajibu binti, ambaye alikuwa mwoka keki na mchumba wa shujaa.

"Pua ninaiona mwenyewe. Sasa mimi naenda kukaa kwa kaka yako, nimlelee mkewe na kichanga chao. Nikirudi nikaikuta bado inawaka, hapa hakuna harusi."

Bwana Msasa, ambaye kinywaji kikali kuliko vyote alivyowahi kuvigusa ni maji ya ndimu, aliinamisha pua ile akaaga. Alimpenda yule mwoka keki kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote, pamoja na brashi yake pana.

Akafunga kibwebwe, akaenda kwenye duka la dawa. Mfamasia, mlinzi wa rafu na mfalme wa vijichupa, akainua mrija wa dawa na kunena:

"Sikiliza vizuri, fundi. Nawa uso kwa sabuni laini, ujikaushe bila kujisugua. Halafu chukua kiasi cha njegere, kwa uso mzima, usambaze uwe utando mwembamba. Macho, midomo na ndani ya pua usiguse, wala penye kidonda. Ukimaliza nawa mikono. Ikichonyota kidogo mwanzoni, vumilia. Ikiunguza au uso ukivimba, acha, uje. Na dawa ni yako peke yako, usimgawie mtu."

"Kiasi cha njegere?" akauliza shujaa. "Uso wote huu?"

"Njegere."

Bwana Msasa aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alicheka. Mtu wa vijichupa angejua nini kuhusu kufunika eneo? Alipofika nyumbani alishika dodoki gumu la kusugulia mgongo, akayasugua mashavu kama anavyosugua ukuta wenye ukungu. Kisha akaukamua mrija, akapaka mkono wa kwanza, mnene, usioacha pengo. Akarudi nyuma hatua, akajitazama kwenye kioo huku amefumba jicho moja, akaona pembeni ya pua pamepauka. Basi, kabla ya mkono wa kwanza kukauka, akapiga wa pili.

Hapo adui akajibu! Mashavu yalilia, pua ikapiga mbiu, na yule mtiisha kuta akakimbilia kwenye bomba akiita mababu kwa mafungu. Mchumba wake alipofika na kipande cha keki, alimkuta ameinamia beseni, uso umeiva kuliko siku ile ya sebuleni.

"Umefanya nini?"

"Nimepigana, ewe nuru ya majiko yote! Nimepigana, nami nimeshindwa!"

"Umepaka mikono miwili, sivyo?"

Shujaa akauinua uso kutoka kwenye beseni. Maji yalimdondoka kidevuni.

"Msasa, huo ni uso," akasema mchumba, naye ameogopa. "Sio kibaraza cha mtu. Twende kwa mfamasia."

Mfamasia aliutazama uso ule pande zote. Kisha akaamuru dawa isimame hadi ngozi itulie, akalipiga dodoki marufuku maisha, akaongeza kofia pana, mafuta ya kukinga jua, na chai ya uvuguvugu. "Ukianza tena," akasema, "ni njegere. Na usitegemee kuona kitu upesi. Ni wiki nyingi."

Ikawa, ngozi ilipotulia, ilifika asubuhi ile ambayo mafundi rangi wa vizazi vijavyo wataitaja wakiwa wamevua kofia. Bwana Msasa alinawa, akajikausha kwa kugusagusa. Akakamua njegere moja, ndogo, nyeupe, juu ya ncha ya kidole. Akaisambaza mpaka ikapotea. Na alipojitazama kwenye kioo hakuona kitu! Hapakuwa na ukingo wala mng'ao, hapakuwa na dalili yoyote kwamba fundi amepita hapo. Mkono wa kulia, uliozoea ushindi, ukaujongelea mrija peke yake. Mkono wa kushoto ukaudaka. Miwili hiyo ikavutana juu ya sinki, naye akapaza sauti: "Ondoka, ewe mkono wa pili! Leo hupiti!"

Kisha akafunga kifuniko. Akanawa mikono, akaenda kazini.

Alifanya hivyo kesho yake, na kesho ya kesho yake. Wenzake walimcheka kwa kofia yake na chai yake iliyopoa, naye akavumilia. Taratibu chunusi zikavunja kambi, na wekundu ukapungua. Haukuisha wote, na mwenye kusema uliisha wote anatia chumvi.

Hatimaye mama mkwe akarudi. Alimketisha Bwana Msasa karibu na dirisha, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua tikiti. Mwoka keki alisimama mlangoni, akiuma kucha.

"Hm," akasema mama. "Umepaka nini?"

"Dawa ya daktari, mama."

"Nipe na mimi. Tazama hizi zilizonitoka kidevuni."

Mwoka keki alimkonyeza: mpe, mpe tu! Harusi nzima ilikuwa ndani ya mrija ule. Bwana Msasa akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Mama, niombe ukuta nitaupaka, niombe paa nitalipanda! Lakini dawa hii iliandikiwa uso wangu, na wako hatujui una nini. Siwezi kukupa. Nitakupeleka kwa daktari mwenyewe, hata sasa hivi."

"Unaninyima?"

"Nakunyima, mama," akasema.

Mama akamtazama juu hadi chini. Kisha akamgeukia binti yake.

"Huyu halewi," akasema. "Mlevi angenipa mrija na kifuniko chake. Huyu ni mbishi tu. Mbishi tutaishi naye." Akachukua mkoba. "Haya, mkwe, nipeleke."

Ndivyo ilivyokuwa. Iandikwe juu ya kila ndoo ya rangi na kila ngazi, kwamba aliishi fundi aliyeteka kuta zisizohesabika, na siku yake kuu kuliko zote ikawa ile aliyopaka mkono mmoja tu, mwembamba, akaacha.