Faili la Marehemu Limeniitikia Marahaba

Leo nimejiaibisha mbele ya mjane. Mama wa watu katoka eda juzi tu, safari yake ya kwanza nje ya nyumba yake ni kuja ofisini kwetu, halafu mimi ndiye niliyempokea kwa kituko. Naandika haya nikiwa nimejifungia stoo. (Msiniulize stoo kuna nini. Kuna mimi.)

Kwa msionijua, naitwa Elia, Mpare niliyehamia Kibaha, fundi kompyuta wa redio moja ndogo hapa Maili Moja. Tuna kituo kingine kidogo Maneromango, huko Kisarawe. Chumba kimoja, kompyuta moja, mnara mmoja. Barabara ya kule mvua ikinyesha ni ya kuombewa, kwa hiyo kompyuta yao nimeiunganisha na ya kwetu kwa mtandao, kwa ile njia ya siri inayoitwa SSH. Folda ya Maneromango naiona hapa Kibaha kama vile iko ndani ya mashine yangu. Mtu akiweka faili kule, nalifungua huku. Siku nilipofanikisha jambo hilo nilijisifu mpaka wenzangu wakahama meza.

Sasa, tulikuwa na mtangazaji wetu wa salamu, Mzee Mrisho. Alifariki miezi minne na kitu iliyopita. Kofia yake bado inaning'inia kwenye msumari, juu ya mlango wa chumba cha mashine. Hakuna aliyethubutu kuitoa. Hata akaunti yake kwenye kompyuta sijaifuta. Kila nikitaka kuifuta mkono unakataa.

Leo mchana mkewe, Bi Zainabu, akaja kutoka Dutumi, kasindikizwa na shemeji yake, Bwana Shabani, mdogo wa marehemu. Ombi lake lilikuwa moja. Anataka kuisikia sauti ya mumewe. Nyumbani hana hata sekunde moja ya sauti hiyo. Simu iliyokuwa na meseji zake za sauti ilitumbukia kwenye maji siku ya msiba. "Nimeanza kuisahau," akamwambia meneja wetu, dada Neema. "Usiku najaribu kuikumbuka, haiji."

Neema akanifuata chumba cha mashine. Macho yake mekundu.

"Elia, sauti ya mzee iko kwenye folda ya Maneromango. Ifungue, uniite. Na tafadhali, leo usiniambie mtandao."

"Dakika mbili tu, dada."

(Fundi akikwambia dakika mbili, tafuta kiti.)

Nikaifungua folda. Ikaganda. Kishale kinapepesa tu, hakuna kinachokuja. Hiyo hali naijua: laini ya Maneromango ikikatika kidogo, folda inabaki imening'inia, kompyuta inasubiri jibu kutoka kwa mtu ambaye hayupo tena. Nikaikata kwa nguvu, nikaiunganisha upya. Ikaganda tena. Nje, wingu la mvua lilikuwa limepanda kutoka upande wa Ruvu na chumba kimeingia giza mchana kweupe. Umeme ukakatika. Betri ya dharura ikaanza kulia, piii, kimya, piii. Nikawa nimebaki mimi, mwanga wa skrini, na ile kofia.

Nikaunganisha mara ya tatu. Folda ikafunguka.

Mafaili yote yalikuwa ya zamani, isipokuwa moja juu kabisa. Limeandikwa: "Mzee Mrisho mwisho". Limetengenezwa leo. Sasa hivi.

Nikajiambia tulia. Kituo cha Maneromango kimefungwa tangu kijana wa kule aondoke mwezi uliopita. Nilikuwa na uhakika huo. Kumefungwa, hakuna mtu. Nikaangalia jina la mwenye faili, maana kompyuta huwa inaandika pembeni kila faili ni la nani.

Limeandikwa: mrisho.

Nikaangalia ukubwa wake. Nikaangalia tena. Limeongezeka! Nikaangalia tena. Limeongezeka! Faili la marehemu linakua mbele ya macho yangu, polepole, mfano wa mtu anayeongea taratibu huku mwingine anaandika. Jasho likanitoka mgongoni na chumba kilikuwa cha baridi.

Nikavaa spika za masikioni, nikalifungua hivyo hivyo lilivyo. Mwanzo ukawa mkwaruzo tu. Shhhh. Kisha kikohozi. Kile kikohozi chake, jamani, cha kahawa na sigara. Kisha:

"Haloo. Haloo. Mnanisikia huko?"

Nikazivua zile spika nikazitupa. (Za ofisi. Zimevunjika.)

Mtu mwenye akili angetoka nje. Mimi nimekulia nyumba ya wachungaji wa Kilutheri, nimefundishwa kwamba mkubwa akikusemesha unamwamkia kwanza, mengine baadaye. Basi nikatengeneza faili dogo la maandishi ndani ya folda ile ile. Jina la mzee sikuthubutu kuliandika. Niliandika neno moja:

"Shikamoo."

Nikasubiri. Piii. Kimya. Piii.

Faili jipya likatokea. Mwenye faili: mrisho.

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa najiuliza lini mtanikumbuka."

Miguu ilikufa ganzi. Sikuwa tena na miguu ya kukimbilia, kwa hiyo nikaendelea kuandika. Herufi nyingine narudia mara tatu.

"Uko wapi?"

"Si huku huku mliponiweka. Mmeniweka mkaondoka, hata kuja kunitazama hakuna."

Nikakumbuka kwamba ni kweli. Tangu tumzike sijaenda kaburini hata mara moja. Nikaona aibu juu ya hofu.

"Hali ikoje huko?"

Hapo jibu likachelewa. Folda ikaganda, nikaikata, nikaiunganisha tena, midomo inasema Baba Yetu. Likaja:

"Giza. Joto kali. Maji hakuna. Na kuna popo."

Mzee aliyeswali swala tano! Nikasema moyoni, kama yeye kapata joto kali, mimi ninayekwepa hata kwaya itakuwaje? Nikaandika swali la mwisho, nikiomba lisijibiwe.

"Tufanye nini?"

"Njoo wewe mwenyewe. Leo. Hao wengine wamenidanganya sana."

Miguu ilirudi. Niliuvuta mlango kwa nguvu zangu zote, msumari ukachomoka, na kofia ya Mzee Mrisho ikaniangukia begani. Taratibu. Kama mtu anayekugusa umsubiri.

Sauti niliyoitoa sijawahi kuitoa. Neema anasema alidhani jenereta limewaka.

Nikatokea mapokezi mbio, kofia begani, nimepoteza kiatu kimoja. Bi Zainabu yuko kwenye kiti cha wageni na kikombe cha chai. Bwana Shabani pembeni yake. Neema kasimama. Wote wananiangalia. Hapo ndipo mtu mzima anatakiwa kusema "samahani, kuna hitilafu ya mtandao." Mimi nikasema:

"Mzee kajibu! Anasema huko ni giza na joto kali, maji hakuna, na anataka nimfuate leo!"

Kikombe cha Bi Zainabu kikatua kwenye kisosi. Bwana Shabani akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini, haraka haraka. Neema akashika kichwa.

Bi Zainabu akainuka. Hakulia. Alikuja mpaka nilipo, akaitoa ile kofia begani kwangu, akaikung'uta vumbi, akaishika kifuani.

"Amesema joto?"

"Ndiyo, mama."

"Mrisho hakupenda joto." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nipeleke."

Tukaingia wote chumba cha mashine, gizani, betri inalia. Akakaa mbele ya skrini. Akayasoma yale majibu moja moja, kidole chake kinafuata mistari. Alipofika kwenye "lini mtanikumbuka" akafumba macho. Mimi nimesimama nyuma yake, mguu mmoja una soksi tu, na naapa nywele za shingoni zilikuwa zimesimama.

"Muulize," akasema.

"Nimuulize nini, mama?"

Akamtazama shemeji yake, akanitazama mimi, akaiweka kofia mapajani.

"Muulize, huko Maneromango kuna mwanamke?"

Dua ya Bwana Shabani ikakatika katikati ya aya.

"Shemeji, jamani," akasema, "leo?"

"Miaka yote ile alikuwa analala kule siku mbili kila wiki, anasema mitambo. Nilinyamaza akiwa hai. Sasa hana cha kuogopa. Andika, mwanangu."

Nikaandika. Ningefanyaje? Nikaandika vile vile alivyosema. Folda ikaganda. Mvua ikaanza kupiga bati, mara moja na kwa nguvu. Nikakata, nikaunganisha. Jibu lilikuwa limeshafika, mwenye faili mrisho, na Bi Zainabu ndiye aliyelisoma, kwa sauti:

"Mwanamke yupo, ni mimi. Kwani mliletewa taarifa ya mwanaume? Mwalimu Mwanahamisi."

Nikamsikia Neema anavuta pumzi nyuma yangu.

"Elia."

"Dada."

"Mwalimu Mwanahamisi ni mtumishi wetu mpya wa Maneromango. Mwalimu mstaafu. Ameanza wiki iliyopita. Nilitangaza kwenye grupu la kazini."

(Grupu la kazini nimelizima sauti tangu mwaka jana. Msijifanye nyie hamjazima.)

Akampigia simu hapo hapo, akaweka spika. Mwalimu Mwanahamisi akaongea kwa ile sauti ya kuita majina ya wanafunzi. Ndiyo, ni yeye. Muda ule alikuwa anaingiza kaseti ya zamani ya marehemu kwenye kompyuta, na kaseti hainakiliwi kwa haraka, lazima uipige yote mpaka iishe. Ndiyo maana faili lilikuwa linakua. Mara akaona kwenye skrini mtu kamwandikia shikamoo. "Nikajua ni huyo fundi wa Kibaha, nani mwingine anaingia kwenye kompyuta yangu? Nikadhani ndiyo utaratibu wa ofisi. Mtu kaniamkia, niache kumwitikia?" Taa ya chumba imeungua. Dirisha limekwama. Popo wako darini. Anaomba fundi tangu siku ya kwanza, anaambiwa kesho.

Na lile jina? Hapo ndipo nilipotamani sakafu ipasuke. Kompyuta haijui majina ya watu, inajua namba. Kila akaunti ina namba yake. Ukiunganisha folda ya mbali, faili linakuja na namba, halafu mashine yako inatafuta kwenye orodha yake: namba hii kwangu ni ya nani? Akaunti ya Maneromango na akaunti ya Mzee Mrisho hapa Kibaha zilikuwa na namba moja. Na aliyezifungua zote mbili ni fundi mmoja hivi. Mpare. Kavaa kiatu kimoja.

Niliyaeleza yote hayo mbele yao, nimeinamisha kichwa kama nasomewa shtaka. Nilipomaliza nikasubiri Bi Zainabu anitukane. Ningemwelewa. Nilimtoa mumewe kaburini nikamrudisha tena, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Alikuwa anacheka! Kicheko cha kuziba mdomo kwa mtandio, kisha cha kupiga paja, mpaka machozi. "Kuna popo!" anasema, anacheka tena. Bwana Shabani akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba tangu msiba hajamsikia shemeji yake akicheka.

Umeme ukarudi. Kaseti kule ilikuwa imeisha. Nikalinakili faili lote kwenye mashine yangu kwanza, folda isije ikanigandia tena, nikaunganisha spika kubwa, nikalipiga tangu mwanzo. Shhhh. Kikohozi. "Haloo, haloo, mnanisikia huko?"

Hakuna aliyecheka hapo. Mzee akasoma salamu za watu, za Mzenga, za Masaki, za watu ambao wengine nao wameshatangulia. Sauti yake ikajaza chumba chote, mpaka niligeuka kuangalia kiti chake. Mwisho kabisa akasema, haraka haraka, kama mtu anayeibia muda wa kazi:

"Na salamu zangu mimi mwenyewe kwa mama watoto, Zainabu, wa Dutumi. Mitambo imeharibika tena huku. Nitachelewa. Usinisubiri, kula."

Kaseti ikakwaruza, ikanyamaza.

"Haya," Bi Zainabu akaiambia spika.

Nikamwekea ile sauti kwenye simu yake mpya na kwenye flashi mbili. Akaaga. Mlangoni akasimama, kofia iko kwenye mkoba wake, akanigeukia. Uso wake haukuwa na utani hata kidogo.

"Fundi, hiyo njia yako usiifunge. Siku akikujibu yeye mwenyewe, mwambie nimetoka eda salama."

Nikaitika ndiyo mama.

Basi, anayetaka kucheka anicheke mimi, soksi yangu na shule yangu yote ya kompyuta. Yule mama mwacheni.