Vidole vya Zambarau

Jumapili, 21 Desemba 1997

Mkutano wangu wa kampeni, uwanja wa Toyoyo, saa kumi na moja jioni. Matope kila mahali! Hii mvua ya El Nino haina adabu. Waliohudhuria: mke wangu Nekesa, mlevi aliyelala kabla sijasalimia, na mbuzi. Mbuzi alinisikiliza hadi mwisho.

Wengine wote walikuwa wakitazama shindano la Nyota ya Krismasi. Eve, binti ya Teresiah muuza sukuma wiki wa hapa Jericho, ameingia fainali ya uimbaji. Mtaa umepagawa. Kila dirisha lenye televisheni lina vichwa vimebanana nje. Watu haohao nikiwaomba kura ya udiwani wanasema wamechoka na siasa.

Mlangoni Nekesa akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba mwaka wa tisini na mbili nilishindwa, akavumilia. Safari hii nikaacha kazi ya stoo kiwandani ili nigombee, akavumilia. Nikishindwa tena, anachukua watoto anarudi kwao Malava. Nekesa hatishi mtu. Akisema kitu hesabu kimefanyika.

Jumatatu, 22 Desemba

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu, nikajikata.

Eve anapigiwa kura kwa kadi ya posta. Unaandika jina lake, kadi inafika kituo cha televisheni kabla ya Jumamosi kwisha. Basi nitagawa kadi bure! Ukipokea unaahidi: Jumamosi Eve, Jumatatu ya uchaguzi mimi, Kweyu. Mkono ukishazoea kupiga kura hauwezi kuacha ghafla.

Mpinzani wangu Irungu, mwenye bucha pale soko la Burma, anagawa supu na kofia. Supu! Ikipoa imesahaulika.

Nimeuza redio ninunue kadi. Nekesa anadhani iko kwa fundi.

Jumatano, 24 Desemba

Foleni kutoka mlangoni kwangu hadi bomba la maji. Nilitokwa na machozi. Wazee ambao miguu yao haiwezi kufika kituo cha kupigia kura walisimama asubuhi nzima na hawakuomba hata kiti. Wakajadili sauti ya Eve kwa umakini ambao bunge letu halijawahi kuuona. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mitaro ya majitaka, na nilikuwa nimejiandaa.

Ila kuna wizi. Nabwire, jirani wa mlango wa pili, alikuja mara tatu, kila mara na kitambaa kipya kichwani. Nilipomshika akasema ni mapenzi ya mtaa. Kadi za leo zikaisha nusu ya foleni ikiwa bado imesimama. Nilizoweka akiba ni za Jumamosi, na lazima kila mtu apate moja tu. Vipi?

Ijumaa, 26 Desemba

Nimepata dawa. Nitafanya kama serikali! Ukipokea kadi, unachovya kidole kwenye rangi. Ukirudi, kidole kinakushtaki.

Nilitembea matopeni hadi mtaa wa Mukuru kwa Njenga kumwona Matheka, anayefanya kazi kiwanda cha kutia nguo rangi. Akanipa chupa ya zambarau.

"Mzee, hii haitoki na sabuni," akasema. "Hii hutoka na ukucha."

Nikamwambia ndiyo hasa ninayoitaka. Akauliza kama nina hakika. Watu wengine wana roho ndogo.

Jumamosi, 27 Desemba

Ushindi! Foleni ndefu kuliko ya Jumatano. Nilisimama juu ya kreti nikachovya kidole changu mimi mwenyewe kwanza, mpaka kiungo cha pili, ili waone hakuna sumu. Wakapiga makofi. Kisha mmoja mmoja, kadi, kidole, kadi, kidole. Nabwire alijaribu kurudi na miwani ya jua. Kidole kikamuumbua.

Watu wa Irungu nao walikuja kujipanga, na kofia zake vichwani. Nikawafukuza wote. Hawapati kadi yangu wala tone la rangi yangu!

Nekesa pekee ndiye aliyekataa. Akasema kidole chake ana kazi nacho Jumatatu. Akafungua mdomo aongeze kitu, lakini nilikuwa na foleni. Jioni nikabeba gunia la kadi walizoandika mgongoni hadi kituo cha televisheni. Mlinzi aliniita mheshimiwa.

Jumapili, 28 Desemba

Kanisani, vidole vya zambarau kila benchi. Mchungaji akauliza kama tumeanzisha dhehebu. Nilijaa fahari. Hizo zote ni kura zangu, zimekaa zinaimba!

Nekesa ameuliza kama rangi hutoka. Nimemjibu kwamba haitoki kamwe. Ameenda kukunja nguo.

Jumatatu, 29 Desemba



Nilifika shuleni, kwenye kituo cha kura, alfajiri nimevaa suti, wa kwanza kabisa. Nyuma yangu watu wangu. Karani, binti mpole, akaniomba kidole. Nikampa. Akakitazama, akamwita msimamizi. Msimamizi akamwita polisi. Polisi akaniuliza nimeshapiga kura wapi.

Nikageuka niombe mashahidi. Foleni nzima ikainua mikono kunitetea. Zambarau, zambarau, zambarau, mpaka getini.

Nilieleza. Nilipiga magoti. Msimamizi akasema kidole chenye rangi ni kidole kilichopiga kura, na amri hiyo si yake. Tukaondolewa sote. Wenye kofia za Irungu wakapita na vidole safi kama vya watoto wachanga.

Nilidhani watu watanirarua. Nikajificha nyuma ya choo cha walimu. Nabwire akanifuata huko, akanishika bega.

"Usijali, Kweyu. Kura ya maana tulishapiga Jumamosi."

Hakuwa akinidhihaki. Hapo ndipo paliponiuma. Wakaenda nyumbani wakiimba wimbo wa Eve.

Jumatano, 31 Desemba

Eve ameshinda! Televisheni imeshukuru wakazi wa Jericho kwa moyo wao wa kupiga kura. Teresiah amezimia kwa furaha, akaamka, akazimia tena.

Irungu ni diwani. Mimi nimepata kura moja.

Nimefikiria mchana kutwa ni nani. Wakala wangu? Alichovya. Ndugu yangu? Alichovya vidole viwili. Jioni Nekesa alikuwa akifunga mabegi, nikaona ukucha wake. Wino mweusi wa serikali. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Basi la Malava ni kesho jioni.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Wazo!

Kuondoka au kubaki ni jambo la familia nzima, kwa hiyo lipigiwe kura. Watoto watatu, sisi wawili. Nimewaahidi watoto soda. Javan, mkubwa wao, ameuliza kama anaweza kunywa soda yangu na kumpigia mama yake. Nimemwambia kura ni siri, ila soda ni yangu.

Nekesa amekubali, kwa upole wa kutia wasiwasi. Ili mtu asipige mara mbili, nimetoa chupa ya Matheka. Bado ina nusu. Nimechovya kidole changu kwanza, waone hakiumi.

Nekesa amekitazama, akawauliza watoto kama huyu baba yao si ameshapiga. Wakasema ameshapiga. Wameingia chumbani wote wanne na karatasi, wamefunga mlango. Mabegi bado yako ukumbini. Ninasikia wakicheka.

Nitakata rufaa.